Nyani, tumbili, kima au sokwe? Namna ya kumtambua mnyama uliyemwona shambani

Mahindi yakianza kubeba tu, simu yangu haipoi. "Nyani wamenimaliza!" Nauliza: mkia wake ulikuwaje? Kimya. Uso je, mweusi au wa kijivu? "Aa, nyani tu, nyani si nyani?" Tukifika shambani, mara nyingi naikuta kazi ya tumbili, au ya nguruwe pori. Na mwenye shamba ameshakesha dunguni wiki nzima, akimsubiri usiku mnyama ambaye usiku huo huo yuko juu ya mti amelala.

Maswali ni yale yale kila msimu, kwa hiyo nimeyaandikia mwongozo huu. Mimi ni mkulima wa korosho na mihogo huku Lindi, upande wa Rondo, na kwa miaka kadhaa nilikuwa askari wa wanyamapori wa kijiji chetu. Nakuandikia wewe mwenye shamba Ruangwa, Nachingwea, Masasi au Tandahimba, na wewe mwalimu ambaye wanafunzi wamekuuliza tofauti ya nyani na sokwe ukakosa jibu la haraka.

Nadharia ni kidogo tu, ishike kabla hatujaanza. Wanyama hawa wapo katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni komba, wadogo wa usiku wenye macho makubwa. La pili ni jamii ya kima: humo wamo nyani, tumbili, kima mwenyewe na mbega. La tatu ni jamii ya sokwe: sokwe wa Kigoma, gorila wa Uganda, Rwanda na Kongo, na ndugu zao wa Asia, orangutani na giboni. Wengi hudhani nyani, kwa kuwa ni mkubwa, yuko njiani kuwa sokwe. Sivyo. Nyani na tumbili ni ndugu wa karibu. Sokwe ni wa ukoo mwingine.

Kuhusu majina, nakuomba sana uwe makini. "Kima" kwa wengine ni jina la jamii nzima, kwa wengine ni yule mmoja mweusi-mweusi wa msituni. "Ngedere" ndiyo balaa: kijiji hiki wanamwita tumbili, kijiji cha pili wanamwita kima. Hata methali ya kesi ya ngedere kupelekwa kwa nyani haikuambii ngedere ni yupi. Kwa hiyo ukitoa taarifa, usitoe jina peke yake. Toa na alama ulizoziona.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Daftari dogo na penseli (kalamu ya wino ikilowa umande huwezi kuandika). Simu yenye kamera. Rula, au kipande cha kijiti ulichokipima ukakikata sentimita 15. Darubini ukiweza kuazima, lakini isipopatikana usiache kwenda. Viatu vya kufunika miguu, maji ya kunywa, na nguo isiyong'aa. Tochi, kwa ajili ya komba tu. Na mwenzako mmoja. Usiende peke yako kwenye kundi la nyani.

Saa nzuri ni kuanzia saa 12 hadi saa 3 asubuhi, halafu saa 10 jioni hadi jua linapozama. Mchana wa jua kali wengi wao wako kivulini wamejipumzisha, utazunguka bure.

Hatua kwa hatua

1. Anza na saa. Uharibifu umetokea mchana au usiku? Kagua shamba jioni kabisa, halafu ulikague tena alfajiri kabla jua halijatoka. Kama kilichoharibika kimeharibika katikati hapo, mwondoe nyani kwenye orodha, na tumbili, na kima. Wote hao hulala usiku. Tafuta nguruwe pori, nungunungu au ndezi. Hatua hii pekee imewapunguzia watu mikesha mingi kuliko nyingine zote.

2. Tafuta mkia. Simama, usipige kelele, mwache ageuke. Mwenye mkia si sokwe. Jamii yote ya sokwe haina mkia hata kidogo, si mfupi, si kipande. Jamii ya kima huku kwetu wote wanao. (Yuko kima mmoja wa milima ya Moroko anayeonekana kama hana mkia, lakini huyo hutakutana naye Nachingwea.) Usipouona mkia, usiseme "sokwe" bado, soma kwanza sehemu ya mwisho.

3. Tazama mkia umekaaje. Hapa usiharakishe, kwa sababu mkia hutambulika hata ukiwa mbali, hata kama mnyama amekupa mgongo.

Mkia wa nyani ni kama umevunjika. Unatoka kiunoni ukipanda juu kidogo, kisha unakunjika ghafla na kuning'inia chini, mfano wa mkono wa kikombe. Ukishaliona kunjo hilo mara moja hutalisahau. Wa tumbili ni mrefu na mwembamba, ncha yake nyeusi, hauna kunjo. Wa kima ni mrefu pia, lakini unazidi kuwa mweusi kadiri unavyokwenda nchani. Wa mbega ni mrefu unaning'inia wima kutoka tawini, na ncha yake ni nyeupe.

Onyo: picha nyingi za vitabu vya watoto zinamwonyesha mnyama amening'inia kwa mkia tawini. Wanaoweza hivyo ni wa Amerika ya Kati na Kusini. Wa kwetu hutumia mkia kujiweka sawa wanaporuka, basi. Mtoto akikuambia amemwona tumbili kaning'inia kwa mkia, amekisoma hicho kwenye kitabu.

4. Tazama uso. Nyani ana uso mrefu, pua na mdomo vimetokeza mbele kama mbwa. Tumbili ana uso mweusi wa duara, na juu ya macho mstari mweupe kama amepakwa chokaa. Kima uso wake ni wa kijivu-cheusi, na wale wa pwani yetu wana weupe kooni unaoonekana vizuri akikuangalia. Mbega ana uso mweusi uliozungukwa na nywele ndefu nyeupe mashavuni, na nyingine zimemwangukia mabegani kama shali.

5. Tazama ukubwa na mwendo. Nyani wetu ni nyani wa manjano. Dume hufika kilo 20 na zaidi, jike karibu nusu yake. Anatembea chini kwa miguu minne, mgongo umeinuka mbele, bila haraka, kama mwenye shamba ni yeye. Makalioni ana sugu ngumu za kukalia. Jike akiwa kwenye siku zake za kupandwa huvimba hapo na kuwa mwekundu. Si ugonjwa, wala si jeraha. Nimeulizwa hilo mara nyingi sana, hasa na akina mama wakiwa na huruma kweli.

Tumbili ni mdogo, kilo 4 hadi 6 hivi. Anashuka chini, lakini hapendi kwenda mbali na mti wa kukimbilia. Dume lake lina korodani za buluu, buluu ya kweli, na hiyo ni alama ambayo haina mpinzani. Kima ni mzito kidogo kuliko tumbili na hukaa juu zaidi, msitu ulipofunga. Mbega hashuki ila kwa shida. Mtazame mkono: hana kidole gumba, kimebaki kama kinundu tu. Mtoto wake huzaliwa mweupe mwili mzima, mtu asiyejua hudhani ni mnyama mwingine kabebwa.

Sokwe, kwa kumlinganisha, ana kifua kipana na mikono mirefu kuliko miguu, na akitembea chini huegemea vifundo vya vidole. Nyani anaweka vidole chini, kifua chake kimebana kama cha mbwa.

6. Hesabu kundi. Usihesabu wakiwa wametawanyika. Ngoja wavuke njia au kijito, wahesabu mmoja mmoja. Nyani huenda makumi kwa makumi, madume kadhaa pamoja. Kima kwa kawaida ni dume moja na majike yake na watoto. Tumbili wako katikati ya hao. Andika na idadi ya watoto waliobebwa.

7. Sikiliza. Dume la nyani hubweka, "wahuu!", sauti nzito inayogonga mawe na kurudi. Kwenye milima ya mawe ya Masasi utaisikia kabla hujamwona mwenyewe, kwa kuwa nyani hupenda kulala kwenye majabali au miti mirefu ambako chui hapafikii kirahisi.

Tumbili ndiye mwenye lugha. Watafiti waliowafuatilia Amboseli nchini Kenya waligundua, na kuchapisha mwaka 1980, kwamba tumbili ana mlio wake wa chui, mlio wake wa tai na mlio wake wa nyoka. Ukipigwa wa chui, wote wanakimbilia mitini. Wa tai, wanatazama juu au wanajitupa vichakani. Wa nyoka, wanasimama kwa miguu miwili na kuchungulia majani. Mimi nimeuona huo wa nyoka kwa macho yangu kando ya kijito: tumbili saba wamesimama wima kama watoto mstarini, wote wanatazama sehemu moja ya nyasi. Sikusogea. Baada ya muda nyasi zikatikisika, chatu akapita. Tangu siku hiyo tumbili wakipiga kelele nami niko majanini, nasimama kwanza.

8. Soma alichoacha. Mara nyingi unafika, mwenyewe keshaondoka. Hapo ndipo mabaki yanapozungumza.

Mahindi yaliyopandwa juzi yamefukuliwa, shimo moja baada ya jingine kwa kufuata mstari: nyani. Anajua mstari wako kuliko kibarua. Mabua yamevunjwa na kuangushwa, mahindi yameng'atwa kidogo na kutupwa, mengine yamebebwa hadi kwenye kichuguu au jiwe na kuachwa magunzi chungu nzima: nyani tena. Bua limesimama, ila maganda yamechanwa juu na punje za nchani zimeliwa: mtazame tumbili, hasa kama ni mistari ya pembeni karibu na kichaka. Karanga zimeng'olewa na majani yametupwa kando: nyani.

Muhogo umeng'olewa mzima, maganda yamemenywa kwa meno na kutemwa hapo hapo: nyani. Tuta limepinduliwa kama limelimwa, udongo umesukumwa kwa pua: nguruwe. Muhogo umetafunwa ukiwa bado ardhini, una michirizi ya meno mapana mawili mawili: nungunungu, na ukiangalia vizuri utaokota mwiba.

Kwenye mikorosho, mabibo yameliwa na korosho imeachwa chini: tumbili au kima wamepita. Hapo wewe okota korosho zako. Hasara ya kweli ni pale wanapoangusha mabibo machanga.

Nyayo: mkono wa nyani unafanana na kiganja cha mtoto. Mguu wake ni mrefu, na kidole kikubwa kimekaa mbali na vingine kama gumba. Weka rula pembeni, piga picha ukiwa umeinamia wima juu ya alama, usipige kwa upande.

9. Andika kabla hujaondoka. Tarehe, saa, mahali, idadi, mkia, uso, alichokula. Usisubiri kufika nyumbani. Njiani utakutana na watu wa kukuambia ulichokiona, na ukifika utaandika cha kwao.

Na komba je?

Komba mtafute usiku kwa tochi. Macho yake yanawaka mekundu, anaruka mti hadi mti, na komba mkubwa analia kama kitoto kichanga. Wagema wa mnazi wanamjua, kwa kuwa tembo, ile pombe ya mnazi, analipenda. Ila napenda ujue jambo moja ambalo ni fahari yetu na watu wachache sana huku wanalijua: yuko komba mdogo anayeitwa kwa jina la Rondo. Anakaa Rondo na misitu michache mingine ya pwani. Uzito wake ni gramu 60 hivi, sawa na yai la kuku, na mkia wake umejaa manyoya kama brashi ya kuoshea chupa. Yuko hatarini kutoweka, kwa sababu misitu yenyewe inakwisha. Hali mahindi ya mtu. Ukimwona, mpige picha, mwache.

Makosa ninayoyaona kila mwaka

Kuweka ulinzi mmoja kwa wanyama wote. Nyani anahitaji mtu shambani tangu alfajiri hadi magharibi, na mtu huyo atembee, asikae dungu moja. Nyani anakusoma: akijua saa yako ya kwenda kula, ndiyo saa yake. Tumbili unampunguza kwa kufyeka ukanda wa kichaka kati ya msitu na mstari wa kwanza, kwa sababu hapendi kuvuka uwazi. Sanamu la nguo kuukuu linafanya kazi siku chache tu kwa wote wawili, baadaye wanalizoea.

Kutupa sumu. Nakusihi usifanye hivyo. Sumu haichagui, atakufa mbwa wako, kuku wa jirani, hata mtoto aliyeokota muhogo. Tena ni kosa kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Wanyama wakizidi nguvu, mpelekee taarifa na daftari lako afisa wanyamapori wa halmashauri.

Kumlaumu mbega. Tumbo lake limeumbwa kwa majani, lina vyumba kama la mbuzi. Shida yako ya mahindi haitokani naye.

Kuwapa chakula barabarani kwa kuwa watoto wanafurahi. Nyani aliyepewa ndizi kwenye gari leo, kesho anaingia jikoni kwa mtu.

Ukikwama

*"Nimemwona hana mkia kabisa. Si sokwe huyo?"* Hili lilitukuta. Mjomba alinipigia simu: "Mpwa wangu, njoo haraka, huku kwenye mihogo kuna sokwe." Nikaenda. "Shikamoo mjomba, yuko wapi?" Akaninyooshea kidole, hata marahaba hakuijibu. Alikuwa amekaa juu ya kichuguu, dume zee, ameshika muhogo kwa mikono miwili, anavua ganda kwa meno ya pembeni na kulitema, anavua na kulitema. Kweli mkia haukuwepo. Tulisubiri mpaka akainuka na kutupa mgongo. Pale ungetoka mkia palikuwa na kipande kama dole gumba, ngozi ya kijivu isiyo na manyoya, kovu la zamani. Pembeni yake sugu mbili za nyani. Uso wa mbwa, mwendo wa miguu minne. Ni nyani aliyenaswa na tanzi la waya, akajing'oa. Mjomba alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe kateseka huyu." Wiki ile ile tukazunguka naye kingoni mwa msitu tukikusanya nyaya.

Sokwe wa mwituni hapa nchini wako magharibi, Gombe na Mahale mkoani Kigoma na misitu ya jirani yake, hadi Katavi; wengine waliletwa kisiwa cha Rubondo, Ziwa Victoria, miaka ya 1960. Mtafiti Mwingereza Jane Goodall alianza kuwafuatilia wa Gombe mwaka 1960, na mwaka huo huo akawaona wakichomeka vijiti kwenye kichuguu na kuvua mchwa. Kutoka kwetu hadi huko ni kuvuka nchi kutoka Bahari ya Hindi hadi Ziwa Tanganyika. Ukiona asiye na mkia Lindi au Mtwara, tafuta kovu.

*"Ni mweusi na mdogo, kabebwa na nyani wa manjano. Wa jamii nyingine?"* Mtoto wa nyani. Huzaliwa na manyoya meusi, hubadilika rangi akikua.

*"Picha imetoka kivuli tu."* Usiitupe. Tazama umbo la mkia na umbo la pua. Kivuli kikiwa na kunjo la mkia na pua ndefu, umeshapata jibu.

*"Dume limenikabili, halikimbii."* Usigeuke kukimbia, usimtazame machoni, usicheke ukaonyesha meno, kwake hizo ni ishara za ugomvi. Rudi kinyumenyume polepole. Kama una chakula mkononi, kiache.

*"Ameniuma."* Osha jeraha sasa hivi kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo hata kama ni mkwaruzo, ueleze ni mnyama gani. Kichaa cha mbwa hakiko kwa mbwa peke yake.

*"Nimekuta mtoto wa tumbili peke yake, naweza kumfuga?"* Hapana. Kumfuga bila kibali ni kosa, na akikua atauma watoto wako. Rudi nyuma hatua hamsini, kaa kimya, ngoja. Mara nyingi mama yuko juu ya mti anakusubiri wewe uondoke. Jua likikaribia kuzama hajaja, mpigie afisa wanyamapori.